Fimbo za gofu za Kijapani: Nunua ya siku yako mbaya, si ya siku yako nzuri

Ukishuka ule mteremko wa kutoka Rironi, ukapita kanisa dogo la Waitaliano na kuingia Mai Mahiu, gofu ndilo jambo la mwisho kukujia akilini. Utaona malori. Mengine yanaelekea Narok, mengine Naivasha na Nakuru hadi mpakani, na madereva wamesimama kula au kuangalia breki. Hebu yasome majina kwenye matairi: Bridgestone, Yokohama, Dunlop, Falken.

Majina hayo yanahusiana na gofu kuliko unavyodhani. Sumitomo Rubber ya Japani, inayounda matairi ya Falken na Dunlop, ndiyo pia mwenye Srixon na XXIO, fimbo mbili zinazotajwa sana siku hizi. Bridgestone huunda fimbo na mipira ya gofu, na mpira wake ndio anaotumia Tiger Woods. Yokohama wana fimbo zao ziitwazo PRGR. Hata ile mipini ya chuma ya Nippon Shaft inayosifiwa kwa wepesi hutoka kwa jamaa wa NHK Spring, watu wa springi za magari. Wajapani walichukua maarifa ya mpira, springi na chuma wakayaingiza kwenye mfuko wa gofu.

Sasa turudi kwako. Huenda wewe ni kedi unayebeba mifuko Naivasha au Nakuru na umeanza kupiga mpira siku ya Jumatatu uwanja ukiwa mtupu. Huenda umepata kazi Nairobi, wenzako wa ofisini wanacheza, na unaona aibu kuazima fimbo kila wikendi. Umeweka akiba. Umeona picha za fimbo mpya za Mizuno zinang'aa kama kioo, na moyo umekwenda mbio. Kabla hujatuma doh, soma hii mpaka mwisho. Seti mpya ya fimbo za chuma kutoka Japani haina bei ya kufanyia majaribio, na ukikosea kiwango utakaa na kosa lako miaka mitano.

Kwa nini Japani?

Mizuno ilianzishwa Osaka mwaka wa 1906, mwaka ule ule klabu ya gofu ya Nairobi, ambayo leo ni Royal, ilipoanzishwa. Fimbo zake maarufu hufuliwa Hiroshima. Neno hilo lishike: kufuliwa. Kipande cha chuma laini huchomwa kikawa chekundu, kikagongwa na mashine hadi kikapata umbo, kama mhunzi afuavyo jembe. Njia ya pili ni kusubu: chuma kinayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

Fimbo iliyofuliwa kwa chuma laini inapogonga mpira sawasawa, mkono hauhisi mshtuko. Wachezaji husema ni kama kukata siagi. Mizuno huongeza utando mwembamba wa shaba chini ya kromu kwenye baadhi ya fimbo zake ili mguso uwe laini zaidi. Miura, wanaofua fimbo zao Himeji, wamejijengea jina kwa ufundi huo huo, na bei yao ni ya kukohoa. Halafu mwaka wa 2021 Hideki Matsuyama akashinda Masters kule Augusta akiwa na fimbo za Srixon, Mjapani wa kwanza wa kiume kushinda taji kubwa la gofu. Tangu hapo dunia nzima ilizitazama fimbo hizo kwa jicho jingine.

Lakini sifa hizo zote zina masharti. Siagi inakatika ukigonga katikati. Ukigonga pembeni ya uso, fimbo ile ile laini itakutetemesha vidole asubuhi ya baridi ya Naivasha mpaka ujute.

Aina tatu, usichanganye

Sahau majina ya kampuni kwanza. Fimbo zote za chuma, za Japani na za kwingineko, zinaangukia mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wembe. Kichwa ni kidogo, mgongo umejaa, soli ni nyembamba. Uzito wote umekaa nyuma ya sehemu ndogo ya katikati. Ukiipiga hapo, unauongoza mpira utakavyo: juu, chini, kushoto, kulia. Ukikosa kwa upana wa kidole, mpira unapoteza nguvu na kuangukia mchanga wa mbele.

Fungu la pili ni fimbo ya mgongo uliochongwa. Chuma kimepunguzwa katikati ya mgongo kikapelekwa pembezoni, hivyo ukigonga pembeni kichwa hakizunguki sana mkononi. Baadhi zina uvungu ndani na uso mwembamba unaoruka kama springi, ingawa kwa nje zinaonekana nyembamba na za kiume kweli kweli.

Fungu la tatu ni fimbo inayosamehe. Kichwa ni kikubwa, soli ni pana, uzito uko chini kabisa ili mpira upande hata ukiugonga vibaya. Nyingi husubiwa kwa chuma kigumu chenye uso mwembamba. Hazipendezi machoni kama wembe, lakini ndizo zinazookoa kadi ya matokeo ya watu wengi.

Jambo la kukumbuka: hakuna fungu lililo bora kuliko jingine. Dereva wa lori la tani 28 hamcheki wa Probox. Kila gari lina mzigo wake.

Kama ndio unaanza

Hapa ni kama handikapu yako iko juu ya 25, au huna handikapu kabisa. Mfumo wa dunia unaruhusu hadi 54, kwa hivyo hakuna cha kuonea haya.

Kwa Mizuno, tazama familia ya JPX925 iliyotangazwa mwaka wa 2024, na ndani yake Hot Metal na Hot Metal HL. Zimesubiwa kwa chuma chenye nikeli na kromoli, uso ni mwembamba na mpira hutoka kwa kasi. HL imetengenezwa kwa anayezungusha fimbo polepole: uso wake umelala zaidi ili mpira upande juu bila wewe kulazimisha.

Kwa Srixon, ZXi4 ndiyo yako. Ilitoka mwanzoni mwa 2025 pamoja na ndugu zake ZXi5 na ZXi7. Ina uvungu ndani, soli pana, na haikuadhibu sana ukikosea.

XXIO ni jambo jingine. Ni nyepesi mno, kichwa na mpini, kwa mtu ambaye kasi yake ya mkono ni ndogo. Wengi huiita fimbo ya wazee au ya akina dada. Usikubali lugha hiyo. Kasi ya fimbo haiangalii jinsia wala umri. Kuna dada wa miaka 22 anayepiga kwa nguvu kuliko kaka yake, na XXIO itamfaa huyo kaka zaidi. Shida yake kubwa ni bei. Kwa anayeanza na mfuko mdogo, ni vigumu kuitetea.

Kama unagonga mpira lakini si kila mara

Hawa ndio wengi: handikapu ya kama 12 hadi 25. Siku nzuri unacheza kama pro wa televisheni. Siku mbaya unatafuta mpira kwenye michongoma kuanzia shimo la kwanza. Hapa ndipo watu hupotezea pesa nyingi, kwa sababu wananunua fimbo ya siku nzuri.

ZXi5 inafanya kazi nzuri katikati hapa. Kwa macho ni fimbo ya mchezaji, mwili wake umefuliwa, lakini uso wake una msaada wa kutosha. Kwa Mizuno, JPX925 Forged inakupa ule mguso wa kufuliwa bila ukali wa wembe, na Hot Metal Pro ni Hot Metal ile ile iliyopunguzwa umbo kwa asiyependa kichwa kikubwa. Mizuno Pro 245, yenye uvungu, pia iko hapa, ila kwenye ukingo wa juu.

Ukiwa katikati ya mbili na huwezi kuamua, teremka, usipande. Mwenye handikapu ya 16 anayetumia fimbo inayosamehe hajapoteza chochote isipokuwa majivuno kidogo. Mwenye 16 anayetumia wembe atapoteza mipira, kisha pesa, kisha hamu ya kucheza.

Kama unabisha hodi kwa mapro

Chini ya 10 tunazungumza lugha nyingine. ZXi7 na Mizuno Pro 243 ni fimbo za mgongo uliochongwa zilizo ndogo na sahihi, bado na msaada kidogo. Mizuno Pro 241 ni wembe halisi, na Srixon nao wana Z-Forged II kwa wanaotaka ukali huo.

Wengi wa mapro wetu walianza kama kedi, na wapo makedi wa Bonde la Ufa wanaopiga wembe wa zamani, wenye kutu kwenye mpini, wakapata namba ambazo wenye mifuko ya ngozi wanaziota tu. Kama wewe ni mmoja wao, usibabaike na mtindo mpya. Wembe wa Mizuno wa miaka 15 iliyopita na wa leo vinakaribiana sana kwa kazi. Teknolojia iliyokimbia ni ya fungu la tatu, kwa sababu ndilo linalotegemea uso mwembamba na uvungu. Kwenye wembe, weka pesa yako kwenye mpini unaokufaa na mshiko mpya.

Kuna ujanja ambao mapro wenyewe hutumia: kuchanganya. Namba 4 na 5 ndizo ngumu kuinua, kwa hivyo mtu huchukua 245 kwa hizo, 243 kwa namba 6 na 7, na 241 kwa zilizobaki. Mizuno walizitengeneza zifanane machoni makusudi ili uweze kufanya hivyo. Kama pro anaomba msaada kwenye namba 4, wewe unakataa kwa nini?

Uongo wa namba 7

Mwenzako atakuambia, "Msee, namba 7 yangu inafika yadi 180." Muulize uso wa namba 7 hiyo umelala digrii ngapi.

Mizuno Pro 241 namba 7 ina digrii 34. Ile 243 ina 32, na 245 ina 30. Ukifika kwenye fimbo nyingi zinazosamehe, utakuta 28 au 29. Uso ukisimama zaidi, mpira huenda mbali zaidi, basi. Kati ya 34 na 28 kuna tofauti ya fimbo moja na nusu. Mwenzako anapiga namba 6 au hata 5 ya zamani iliyoandikwa 7. Hajawa na nguvu kukushinda, amebadilishiwa namba tu.

Mtindo huo unaacha pengo chini. Kama weji yako ya kwanza ina digrii 43 na ya mchangani ina 56, katikati kuna shimo la digrii 13. Ukiwa yadi 100 kutoka kwenye bendera utakosa fimbo ya kushika: moja inapita, nyingine haifiki. Ukinunua seti ya fungu la tatu, panga bajeti ya weji ya kati ya digrii 49 au 50. Muuzaji huenda asikutajie.

Hewa yetu ya Bonde la Ufa

Kuna jambo ambalo video za Marekani na Uingereza hazitakuambia, kwa sababu wanaopima wengi wako karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Naivasha iko juu kidogo ya hapo, na uwanja wa Great Rift Valley Lodge, ule unaotazama ziwa kutoka upande wa Eburru, umepita mita 2,000.

Hewa ya huku ni nyepesi, na mpira haupati kizuizi kikubwa. Kwa makadirio ya kawaida, unaenda mbali zaidi kwa kama asilimia 7. Mpigo wa yadi 150 kule Nyali unakaribia 160 ukiwa Nakuru. Hiyo ni fimbo nzima ya bure ambayo umepewa na Mungu.

Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo inayoupandisha mpira unaozunguka. Ikiwa nyepesi, mpira haupandi sana, unashuka ukiwa umelala, na ukigusa grini unakimbia. Hapo unaanza kuona tatizo. Fimbo yenye uso uliosimama sana, inayouzwa kwa sifa ya umbali, huku kwetu inakuongezea kitu ambacho tayari unacho na kukupunguzia unachohitaji: kimo. Januari na Februari, nyasi zikiwa zimekauka na ardhi imekuwa ngumu kama lami, mpira ulioingia chini hausimami.

Kwa mchezaji wa Naivasha, Gilgil, Nakuru au Njoro, usikimbilie fimbo inayokwenda mbali kuliko zote. Chagua inayoupandisha mpira juu kuliko zote katika kiwango chako. Hii ndiyo sababu ya kuitazama Hot Metal HL mara mbili kabla ya Hot Metal ya kawaida, hasa kama mkono wako hauna kasi kubwa. Umbali utaletewa na hewa.

Na kama mazoezi yako ni kwenye uwanja mtupu pembeni ya Mai Mahiu, angalia ardhi. Udongo wa chini ya Longonot ni majivu ya volkano yaliyochanganyika na vijiwe. Chuma laini kilichofuliwa hubonyea na kukwaruzika haraka kwenye vijiwe. Iliyosubiwa huvumilia. Ukitaka kutunza fimbo laini, tafuta kipande cha zulia kuukuu, upigie juu yake.

Mpini ni nusu ya fimbo

Watu hubishana kuhusu kichwa, wakati mkono umeshika mpini. Mpini wa chuma mzito kama Dynamic Gold hupita gramu 120. N.S. Pro 950GH wa Nippon Shaft uko chini ya gramu 100. Tofauti ya gramu 25 hivi inasikika ndogo, mpaka uzungushe mara 80 jua likiwa utosini.

Mpini mzito humfaa mwenye kasi, unamtuliza. Kwa asiye na kasi, unamchosha kuanzia shimo la 12 na mpira unaanza kwenda kulia. Mpini mwepesi mno kwa mwenye nguvu unamtupia mpira kushoto. Ndiyo maana kichwa kile kile kinaweza kusifiwa na mtu mmoja na kutukanwa na mwingine.

Kuna pia pembe ya soli na ardhi. Ukiwa mrefu na fimbo imelala sana, ncha ya mbele itagusa chini na mpira utakimbilia kulia. Ukiwa mfupi, kinyume chake. Fundi mwenye mashine hukunja shingo ya fimbo digrii moja au mbili, na hapa fimbo iliyofuliwa ina faida kubwa, kwa sababu chuma laini hukunjika vizuri. Nyingi zilizosubiwa hukunjika kwa shida, na nyingine huvunjika. Chuma laini kina deni lake pia: pembe hizo husogea zenyewe ukicheza sana, kwa hivyo ipeleke ikapimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Tuongee bei

Seti mpya ya fimbo hizi, sita au saba hivi, hupita dola 1,000 huko nje. Kwa kiwango cha karibu Sh129 kwa dola, hiyo ni Sh129,000 kabla hujalipia usafirishaji. Ikifika Kenya kuna ushuru wa forodha, ada ya tamko la bidhaa, na VAT ya asilimia 16, ambayo hutozwa juu ya bei ukijumlisha usafiri na ushuru. Kuna pia ile tozo ya reli iliyoanza mwaka wa 2013. Ndiyo, kila fimbo inayoingia nchini huchangia reli ya SGR inayopita hapo Mai Mahiu. Ukimaliza hesabu, uko karibu na bei ya bodaboda mpya, na bodaboda hukurudishia pesa.

Kwa hivyo fikiria hivi. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, haikulazimishi. Anayeanza anatosheka na saba: moja ya mbao au haibridi ya kuanzia, chuma namba 6 na 8, weji ya kwanza, ya mchangani, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, na moja zaidi unayoipenda. Ukijifunza kwa fimbo chache unajifunza kupiga. Ukijifunza kwa 14 unajifunza kuchagua, na bado hujui kupiga.

Mtumba ndio njia ya wengi, na hauna aibu. Wajapani hubadilisha fimbo kama wanavyobadilisha magari, na maduka yao ya fimbo zilizotumika ni makubwa. Kizazi cha nyuma, kama JPX923 au ZX5 Mk II, hakijapitwa na wakati hata kidogo. Zingatia haya:

Kwanza, fimbo zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mara nyingi huja na mipini miepesi na laini zaidi. Iliyoandikwa R huko inaweza kuwa laini kuliko R ya Marekani. Usinunue herufi, zungusha kwanza.

Pili, geuza fimbo utazame uso. Mistari ikiwa imelika katikati mpaka haionekani, mpira hautashika grini. Tazama pia kama mipini yote ni ya aina moja. Seti nyingi mitaani zimeunganishwa kutoka mifuko mitatu tofauti.

Tatu, bandia zipo, tena nyingi. Beba sumaku ndogo. Chuma halisi cha fimbo hizi hushika sumaku, zinki iliyopakwa kromu haishiki. Sumaku ikishika, hujahakikishiwa bado, isiposhika, ondoka. Angalia pia maandishi: herufi zilizopinda, rangi iliyomwagika nje ya mstari, na namba ya usajili isiyokuwepo kwenye shingo. Na ukiambiwa seti mpya kabisa ya Mizuno ni Sh25,000, hapo hakuna haja ya sumaku.

Kwa wanaotumia mkono wa kushoto, chaguo ni chache zaidi, mpya na mtumba. Uliza kabla hujapenda.

Pima kabla ya kulipa

Usinunue fimbo ambayo hujapiga nayo mipira 30. Kutoka Mai Mahiu una pande mbili. Ukipanda mteremko kuna Limuru na Sigona, na ukifika Nairobi kuna Golf Park kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambako hata asiye mwanachama wa klabu hupokewa. Ukienda upande wa bonde kuna Naivasha Sports Club, Great Rift, Gilgil, Nakuru na Njoro. Piga simu kwanza uulize ada na siku za wageni. Mtafute pro wa klabu, si mwanachama mwenye mfuko mkubwa. Pro ameona mikono mingi.

Ukipewa fimbo ya kujaribu, usihesabu mpira mmoja uliokwenda mbali. Piga 10. Ondoa mitatu mizuri zaidi, usiitazame tena. Tazama saba iliyobaki: ilitua wapi, ilitawanyika kiasi gani, ilipanda au ilitambaa? Fanya hivyo na fimbo ya pili. Ile ambayo saba zake mbovu ziko karibu zaidi na bendera ndiyo yako, hata kama ina kichwa kikubwa, hata kama jina lake halina sifa, hata kama mwenzako atacheka.

Maana kwenye shimo la 18, ukiwa umechoka, upepo wa jioni unavuma kutoka ziwani na kuna Sh500 za dau mezani, mpigo utakaokutoka hautakuwa mmoja wa ile mitatu.